Bahasha Namba Arobaini na Moja

"Ile inayowatoa watoto na makelele, mimi siitaki," alisema mke, akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa."

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Mtaani walimwita Bwana Usingizi, kwa kuwa kazi yake hospitalini ilikuwa kuwalaza watu kabla ya kupasuliwa na kuwaamsha wakishapasuliwa. Watoto wa jirani wakimwona anakuja huanza kupiga miayo ya kumdhihaki. Hilo alishalizoea. Ambalo hakulizoea ni kuulizwa habari za kazi nyumbani kwake, tena na mtu mwenye mkasi mkononi.

"Si mimi ninayechagua," alisema. "Ni bahasha."

"Bahasha?"

"Nimekueleza mara ngapi, mama? Kuna dawa mbili za kumlaza mtoto kwa sindano ya mshipa. Kuna ketamini, ile ya zamani, na kuna propofoli, ile nyeupe kama maziwa. Daktari anataka kujua ipi inawafaa watoto zaidi. Kila mtoto anafunguliwa bahasha yake. Ikisema hii, anapewa hii. Ikisema ile, anapewa ile."

"Kwa hiyo mwanangu anachezewa bahati nasibu."

"Watu wakiachiwa wachague, kila mmoja atampa anayemhurumia ile anayoipenda mwenyewe, na mwisho wa siku hatutajua lolote."

Alilisema vizuri, bila kukwama, kwa sababu alishalisema mara arobaini. Kwa miezi kumi na moja alikuwa akikaa kwenye benchi la wodi ya watoto na mama mmoja mmoja, fomu gotini, akieleza bahasha ni nini na kwa nini. Akina mama wote arobaini walisaini. Daktari alikuwa akisema hajapata kuona mtu mwenye ulimi wa kutuliza watu kama huyu.

Mkewe hakutulia. "Basi usisaini. Si umesema mzazi ana haki ya kukataa?"

"Anayo."

"Sasa?"

Bwana Usingizi aliutoa mguu mmoja majini, akautazama, akaurudisha. Daktari alipopata habari kwamba mtoto wake naye yuko kwenye orodha ya upasuaji, alifurahi mbele ya manesi wote. "Vizuri sana," alisema. "Akina mama wakiona na wa kwako yumo, hata wenye wasiwasi watakubali." Yeye akacheka, akasaini hapo hapo, amesimama, fomu ameiegemeza ukutani. Hilo mkewe hakuwa amelijua.

"Nilishasaini," alisema.

Mke alimtazama. Kisha akalisukuma gurudumu, na cherehani ikachukua mazungumzo.

Mtoto mwenyewe alikuwa sakafuni, anakivisha kiberiti gauni la vipande vya kitambaa. Alikuwa na miaka sita, na walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na ngiri ya kitovu, iliyotokeza chini ya nguo kwa ukubwa wa ndimu. Shuleni wenzake walipanga foleni kuibonyeza. Lingekuwa jambo la kuchekwa tu kama si wiki tatu nyuma, ilipogoma kurudi ndani na mtoto akalia saa nzima. Daktari aliirudisha kwa mkono, kisha akasema hii isisubiri tena.

"Baba, nikilazwa nitaota?"

"Labda."

"Nitaota nini?"

Baba alijitia kutafuta taulo. Alikuwa ameona wanavyozinduka. Si wote, lakini wa ketamini wengine huamka na macho yanayotazama kitu ambacho hakimo chumbani. Mmoja alikuwa akifukuza wadudu ukutani. Mwingine alimwita mama yake nyoka, na yule mama akatoka nje akalia, ingawa baadaye mtoto hakukumbuka kitu. Bwana Usingizi alikuwa akiandika kwenye safu yake, "ametapatapa, dakika ishirini," kisha anakwenda kunywa chai. Sasa alikuwa anaogopa. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo, na aliogopa kama mzazi mwingine yeyote wa kwenye benchi, isipokuwa yeye hakuwa na mtu wa kumkalia karibu na kumtuliza.

*

Kila alasiri kabla ya siku ya upasuaji, yeye ndiye aliyeandika orodha. Utaratibu ulikuwa mmoja na hakuna aliyeuhoji: mdogo kwa umri hutangulia, kwa sababu watoto hawali tangu usiku, na mdogo hawezi kuvumilia njaa kama mkubwa. Bahasha nazo zilikuwa na namba, na zilifunguliwa kwa kufuata namba. Wa kwanza kwenye orodha huchukua bahasha iliyo juu, wa pili inayofuata.

Watoto wa kesho walikuwa wawili. Chiriku, miaka sita. Na binti mmoja wa miaka minane, aliyeungua kiganja kwa pasi ya mkaa hata vidole viwili vikashikana. Mama yake alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu, na wodini walimwita Mama Pasi. Bwana Usingizi aliandika jina la mwanawe juu na la yule binti chini, kama inavyotakiwa.

Kisha akavuta droo yenye sanduku la bahasha.

Hapa kuna jambo dogo la kuelezwa. Bahasha za kwanza arobaini zilikuwa za kaki, nene, za kuzuia jua. Zilipokwisha, karani akaleta nyeupe za ofisini, zile nyepesi ambazo ukiandikiwa barua jirani anaweza kukusomea. Bwana Usingizi aliligundua hilo siku zilipoletwa. Alikusudia kumwambia Daktari. Akakusudia tena kesho yake. Siku zikapita, kama zinavyopita kwa mambo ambayo mtu hajaamua kama anataka yarekebishwe.

Aliichukua namba arobaini na moja, akaielekeza dirishani. Herufi ilionekana, imegeuka, lakini ya wino mzito: K. Akaichukua arobaini na mbili: P.

Akazirudisha. Akafunga droo. Akatoka, akaenda chooni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejiandaa kuingia kwa mgonjwa. Aliporudi, aliichana ile orodha, akaandika nyingine. Mwenye miaka minane juu, mwenye miaka sita chini. Bahasha hakuzigusa tena, na jambo hilo alijiambia mara mbili.

*

Asubuhi Mama Pasi alikuwa ameshafika, amekaa wima ukingoni mwa kitanda na binti yake amemwegemea. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye gauni lililonyooshwa hata mikunjo ya mikono ingeweza kukata karatasi. Alipoambiwa kwamba wao ndio wa kwanza, alisimama.

"Daktari," alimwita Bwana Usingizi, maana kwa wagonjwa kila mwenye koti ni daktari, "nimeambiwa wewe ndiye umetutanguliza."

"Ni utaratibu tu, mama."

"Utaratibu gani? Sista kaniambia wadogo ndio hutangulia, na wa kwako ni mdogo kuliko huyu. Umemweka wako nyuma." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, ambayo ilikuwa migumu na yenye joto. "Watu kama wewe wamebaki wachache. Huyu tangu jana usiku hajatia kitu mdomoni, nilikuwa namhesabia saa. Mungu akuzidishie."

"Amina," alisema Bwana Usingizi.

Kitanda cha pili, Chiriku alikuwa akilalamikia tumbo. "Baba, nina njaa. Kwa nini yule dada aende kwanza? Mimi ndiyo mdogo. Mama, si mimi ndiyo mdogo?" Mama yake alimtazama mumewe, kisha akatazama orodha iliyobandikwa mlangoni. Akaelewa, si yote, lakini ya kutosha. Akamvuta mtoto kifuani. "Vumilia kidogo, mama," alimwambia. "Baba anajua anachofanya."

*

Binti wa Mama Pasi alilala bila shida. Msaidizi wa Bwana Usingizi, dada kijana aliyemfunza kazi yeye mwenyewe, alifungua bahasha, akasoma, akavuta dawa ya zamani kwenye bomba. Mtoto hakusikia hata dawa ikiingia. Macho yalibaki wazi, yakicheza taratibu, pumzi haikukatika, shinikizo la damu halikushuka. Vidole vikaachanishwa, ngozi ikashonwa. Kazi safi.

Makelele yalianza robo saa baada ya kupelekwa chumba cha kuzindukia. "Ukuta unakuja! Ukuta unakuja!" Mama Pasi alikuwa amemkumbatia na mtoto anamsukuma kwa mkono wake mzima, anamtazama usoni bila kumjua. "Ni mimi, mwanangu. Ni mimi mama yako. Sista, mwanangu karukwa na akili? Sista!" Sista akamwambia ni kawaida, itapita. Wale waliokuwa kwenye benchi la nje wakageukia mlango.

Mke wa Bwana Usingizi alikuwa mmoja wao. Mumewe alipopita amembeba Chiriku, alimshika kiwiko. "Ndiyo hiyo?" alinong'ona.

"Ndiyo hiyo."

"Wetu je?"

"Wetu hapana."

Akauachia mkono wake, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Daktari alikuwa na sheria kwamba mtu hamlazi wa damu yake. Kwa hiyo siku hiyo Bwana Usingizi alisimama upande ambao hakuwahi kusimama, kichwani mwa meza, kama mzazi, akaambiwa amshike mtoto mkono usitikisike. Msaidizi alifungua bahasha ya arobaini na mbili. Akavuta ile nyeupe.

"Maziwa!" alisema Chiriku, akachangamka. "Nitakunywa?"

"Haya yanapitia hapa," alisema dada, akauelekeza ule mpira mwembamba uliobandikwa nyuma ya kiganja.

Dawa nyeupe ina tabia yake. Kwenye mshipa mdogo wa mkono wa mtoto, huchoma. Siku za kawaida huchanganywa na ganzi kidogo, lakini kwenye utafiti huu haikuchanganywa, kwa sababu maumivu yenyewe yalikuwa moja ya mambo yanayopimwa. Palikuwa na safu yake kwenye fomu: sifuri hakuna, tatu makali. Bwana Usingizi alikuwa ameshawajazia watoto ishirini safu hiyo, moja, mbili, tatu, mbili, pengine bila kuinua kichwa, maana baada ya nusu dakika mtoto amelala na fomu nyingine inasubiri.

"Baba, inaniunguza!" Chiriku alijinyonga. "Baba, moto! Mwambie aache! Baba, niachie mkono!"

Hakuuachia. Aliubana mezani kama alivyoambiwa, kwa nguvu zake zote, huku mtoto akimkazia macho. Hakuwa akimtazama dada mwenye bomba. Alikuwa akimtazama yeye. Kisha kope zikashuka, mdomo ukabaki wazi katikati ya neno.

"Tatu?" aliuliza dada, kalamu mkononi.

"Tatu," alisema baba.

Halafu kifua kikasimama. Nalo hilo alilijua, dawa nyeupe hukata pumzi, mara nyingi kwa muda mfupi tu. Alishawaeleza wanafunzi mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Dada alimvisha mtoto barakoa, akaukamua mfuko wa hewa taratibu, moja, mbili, bila wasiwasi, kama alivyofundishwa. Dakika moja. Moja na nusu. Bwana Usingizi aliona midomo ya mwanawe ikipoteza rangi kidogo kisha ikairudisha. Alikaa sakafuni, ndani ya chumba chake cha kazi, mgongo ukutani. "Mzee, toka nje," alisema dada kwa adabu. "Anapumua mwenyewe sasa. Toka nje tu."

*

Kufikia alasiri vitanda viwili vilikuwa hivi. Kwenye cha kwanza, binti wa Mama Pasi alikuwa akicheka, mkono umefungwa bandeji, anaulizia chakula. Aliulizwa kama aliota chochote, akasema hapana. Ukuta? Ukuta gani? Mama yake ndiye aliyekuwa bado anatetemeka.

Kwenye cha pili, Chiriku alikuwa amezinduka mapema na kwa utulivu, akili zote mahali pake, hakutapika, hakupiga kelele. Alikuwa amegeukia upande wa mama yake. Baba alipojaribu kumgusa, aliuvuta mkono akauficha chini ya shuka.

"Ulinishikilia," alisema.

"Ilikuwa lazima, mama. Ili upone."

"Nilikwambia niachie."

Yule mtoto asiyefunga mdomo hakusema jingine. Mkewe Bwana Usingizi alimpangusa mtoto paji la uso, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo hii ndiyo ile nzuri uliyotuchagulia."

Alitaka kumjibu kwamba yeye ndiye aliyeitaka.

*

Kesho yake, ofisini, Daktari alikuwa na fomu mbili mbele yake na orodha ya jana pembeni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, miwani imening'inia kifuani.

"Hujasaini hapa chini," alisema. "Na hii orodha mbona imegeuka? Miezi kumi na moja mdogo anatangulia, jana katangulia mkubwa."

Angeweza kusema upasuaji wa mkono ni kazi fupi, ndiyo maana ukatangulia. Jibu hilo alikuwa nalo tayari tangu juzi. Alitazama mstari wa kusaini, palipoandikwa kwamba mtoto amepata dawa kwa bahati, bila mtu yeyote kuijua kabla.

"Bahasha nyeupe zinapenya mwanga, Daktari. Nilizisoma. Nikageuza orodha."

Daktari aliivaa miwani, akaivua.

"Ngapi?"

"Hizi mbili tu. Zile za kwanza zilikuwa za kaki, hazionyeshi. Naapa."

"Naamini," alisema. "Sasa nimwandikie nani barua ya kumweleza habari za kaki? Atakayesoma atauliza: huyu aliyechungulia ya arobaini na moja, nani anajua kama hakuchungulia ya tano?" Alizikusanya fomu, akazigonga mezani zikae sawa. "Watoto arobaini wamechomwa, wamepiga kelele, wamekata pumzi, na mama zao walikubali kwa sababu wewe uliwaambia kuna jambo tutalijua. Ningekuruhusu kukataa. Ungekuja tu ukaniambia unaogopa."

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

 Daktari alimwambia kwamba kazi yake ya kulaza wagonjwa ataendelea nayo, ila utafiti umesimama kuanzia leo, na barua ya kuwaeleza wakubwa sababu itakuwa na jina lake. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Mama wa yule mtoto mwingine ana haki ya kuelezwa. Utamweleza wewe."

*

Alimkuta Mama Pasi asubuhi iliyofuata, siku ya kuruhusiwa, anakunja shuka za hospitali, kazi isiyo yake, kingo kwa kingo. Alipomwona aliachia tabasamu.

"Daktari wetu!"

"Mimi si daktari, mama. Mimi nalaza wagonjwa tu." Alibaki amesimama, maana benchi lile aliliona halimfai tena. "Nimekuja kukwambia jambo. Juzi sikuwatanguliza kwa wema. Niliijua bahasha inayofuata ina dawa gani. Nikamweka mwanao pale ili wangu apate ile nyingine."

Mama Pasi aliendelea na kukunja. Alimaliza shuka aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya zenzake, akalipitisha gumba kwenye mkunjo.

"Na mimi nikakuombea dua," alisema.

"Ndiyo."

"Mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo nyingine, ile ya mwanao. Ndiyo bora?"

"Hatujui."

"Hamjui vipi?"

"Ndiyo maana tulikuwa tunapima. Ili tujue."

"Sasa kama hujui, ulikuwa unamnyang'anya mwanangu nini?"

Hakuwa ameuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuelewa hesabu ya mwenzake. Kitanda cha pili mke wa Bwana Usingizi alikuwa akimvisha Chiriku viatu. Wote wawili waliacha walichokuwa wakifanya.

"Mtoto wangu anarudi tena," aliendelea Mama Pasi. "Bado kidole gumba. Daktari kasema miezi mitatu. Siku hiyo utampa ipi?"

"Sijui, mama."

Mama Pasi alimshika binti yake kwa ule mkono usio na bandeji, akamteremsha kitandani, akaunyoosha mgongo wa gauni lake.

"Mna miezi mitatu," alisema. "Kajueni."